Sale Ndani ya Glasi

Shuleni, 11 Februari 1951

Bibi yangu Aikande, shikamoo.

Shikamoo na Mwinjilisti Solomoni, maana najua ndiye anayekusomea. Mwinjilisti, tafadhali soma yote, usiruke mahali.

Nilifika salama baada ya siku tatu za basi na treni. Sasa niko darasa la kumi na moja, na wiki iliyopita tuligawanywa. Wanaotaka sayansi walikaa upande wa dirisha, wanaotaka historia, jiografia na fasihi ya Kiingereza wakakaa upande wa ukuta. Bibi, mimi nimekaa upande wa ukuta.

Najua umeshawaambia watu kanisani kwamba nitarudi na sindano, nimchome kila mwenye homa mlimani. Niwie radhi. Kemia nimeijaribu mwaka mzima, naikariri leo, kesho imetoka. Lakini nikifungua kitabu cha historia, kengele ya chakula inapigwa siisikii. Nataka kujua kwa nini watu walifanya walivyofanya. Mwalimu wetu, Mwingereza mmoja mrefu anayevaa soksi zisizofanana, anasema mtu aliyesoma historia vizuri hadanganyiki kirahisi.

Mambo yenyewe ni ya mbali kidogo. Tunasoma habari za mfalme wao aliyeoa wake sita akawakata vichwa wawili. Tunachora ramani ya Kanada na mashamba yake ya ngano. Umbali haunisumbui.

Mwambie mama sweta bado halijatoboka. Na asubuhi akifunike kifua chake.

Mjukuu wako,
Elisaria Thomasi


Nyuma ya Mlima, 9 Machi 1951

Elisaria mwana wa Thomasi,

Marahaba. Habari ya ukuta nimeisikia. Nikamwambia Mwinjilisti, rudia. Akarudia. Ukuta ukawa ule ule.

Sasa nisikilize. Mimi shuleni sijawahi kuingia hata kwa kupotea njia, kwa hiyo sijui historia ni mnyama gani. Lakini homa naijua. Najua mama yako akikohoa anashika nguzo ya nyumba. Nilitaka mtu mmoja wa nyumba hii aweze kukitazama kifua kile na kusema kitu zaidi ya pole. Wewe umekwenda kuhesabu wake za mfalme. Huyo mfalme, alipokwisha kukata vichwa, nani alimpikia? Hilo wameliandika? Kama hawakuliandika, kitabu chenu kibovu, mrudishieni mwenyewe.

Mwinjilisti ananiambia nisikuvunje moyo. Nimemwambia aandike, moyo ni wa mjukuu wangu, naujua kuliko yeye.

Haya. Kama kitabu hicho kinakusahaulisha chakula, wewe mlafi wa kwetu, basi kina kitu ndani yake. Kisome. Ila ukirudi nitakuuliza maswali, na ole wako ukwame.

Habari za huku: wanasema serikali inaitaka nchi hii ya nyuma ya mlima, iwape Wazungu wafugie ng'ombe wa maziwa, na sisi tupelekwe chini kwenye joto na mbung'o. Wazee walikwenda mkutanoni Arusha wakarudi wanafoka. Wakaenda tena, wakarudi kimya. Wewe usiliweke kichwani. Tangu nizaliwe natishwa kuhamishwa na bado natoa kinyesi cha ng'ombe kwenye zizi lile lile.

Mama yako Hanna anasema: "Mwambie sweta nimelisahau siku nyingi, kinachonihangaisha ni soksi za huyo mwalimu. Hana mke?" Amecheka mpaka akakohoa.

Bibi yako,
Aikande
Kwa mkono wa Solomoni, mwinjilisti


Shuleni, 15 Julai 1951

Bibi, shikamoo.

Niliwasomea wenzangu swali lako la nani alimpikia mfalme. Wamecheka wiki nzima. Mwalimu naye nilimtafsiria. Akasema ni swali zuri, lakini haliko kwenye mtihani wa Cambridge.

Mwezi huu tunasoma mikataba. Mzungu alifika kwa mtemi na karatasi, mtemi akatia alama ya msalaba chini yake, akapewa vitambaa na chupa, na nchi yake ikawa imekwenda. Mwalimu ametuonyesha picha ya karatasi yenyewe, ule msalaba umepinda kama mguu wa kuku. Darasa zima tulicheka. Nami nilisema kwa sauti, kwa Kiingereza changu kizuri, "Mjinga gani anatia alama kwenye kitu asichoweza kukisoma?" Nilipata sifa kwa hilo.

Baadaye nilimuuliza, na historia ya kwetu mlimani iko kitabu gani? Akasema pasipo na hati hapana historia, pana masimulizi tu. Lakini si mtu mbaya, Bibi. Ameniambia nijaribu kuandika insha, nimpe mwakani. Kwa hiyo nisaidie. Nani alifyeka kwetu mara ya kwanza? Mpaka uliwekwaje?

Sasa jambo zito. Kuna kijana wa Moshi hapa aliyesoma gazeti, anasema amri ya kuwahamisha imeshatoka. Kweli? Niwaandikie barua ya Kiingereza muipeleke serikalini? Na hata mkibishana nao, naomba mama atangulie kushuka. Kifua chake hakitaiweza mvua ya Novemba njiani. Mzee Sironka wa Kisongo bado anapita hapo na punda wake wa magadi. Hatakataa kumbeba, alikuwa rafiki wa babu.

Elisaria


Nyuma ya Mlima, 6 Oktoba 1951

Elisaria mwana wa Thomasi,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe utaisikia.

Kwanza historia yako, andika. Aliyefyeka hapa ni babu wa babu yako. Alikuta nyati, akaacha nyati, akapanda migomba. Chini ya migomba ile wamelala watu wetu kumi na wawili, na kila mmoja ninakutajia jina lake, alichopenda kula na kilichomuua. Mpaka ni masale aliyoyapanda yeye, na hayo masale yanaota mpaka leo. Mwambie mwalimu aje na soksi zake nimwonyeshe moja moja.

Pili, barua ya Kiingereza acha. Jambo la kuhama nimelimaliza mimi.

Unakumbuka ng'ombe wa Anande walipoingia kwenye mahindi yetu wakayamaliza? Babu yako alishika panga, akasema leo Anande halali kwake. Asubuhi Anande akaja na jani la sale. Hakusema neno. Alilishika tu mbele yake kwa mikono miwili. Babu yako akalipokea, akaketi, panga likaanguka. Kwisha. Mahindi hayakurudi, lakini hakuna aliyeyataja tena mpaka wote wawili wamekufa. Ukipokea sale umesamehe. Ukilikataa unaita kifo nyumbani kwako. Hili hata mwendawazimu wa sokoni analijua.

Basi nikafikiri. Wazee wamekwenda kwa Bwana mkubwa wa serikali kule Arusha na maneno, maneno yakazaa maneno, mtu ameudhika. Sisi hatujamkosea kitu, lakini mkubwa aliyeudhika haelewi tena nani kamkosea nani. Nikasema nitajishusha mimi. Nilichuma sale hapo mpakani, nikatembea siku mbili, nikalala Elerai kwa shangazi yako Kandida, na Jumatatu asubuhi nikaketi barazani kwa Bwana.

Alipotoka nikasimama, nikalishika hivi. Karani wake, kijana wa kwetu kabisa, akafungua kinywa aanze kumweleza. Nikamwambia nyamaza wewe! Mwenye sale haongei wala hasemewi. Akanyamaza. Bwana akanitazama, akalitazama sale. Elisaria, alilipokea. Kwa mikono miwili! Akainamisha na kichwa. Akaingia nalo ndani, nami nikachungulia dirishani, nikamwona anamimina maji kwenye glasi, analitia sale humo, analiweka mezani mbele ya uso wake. Sisi wenyewe hatujawahi kulipa sale heshima ya namna ile. Nililia njia nzima kama msichana.

Kwa hiyo hatuhami. Majirani wanafungasha, nawaambia fungueni, hawasikii. Jana Sironka alikuja na punda wawili, ametandika na ngozi laini, anasema ampeleke Hanna kule chini Maji ya Chai jua likiwa bado linawaka. Nimemrudisha. Ukishapokelewa sale halafu ukatoa watu wako nyumbani, umemwambia mwenzako humwamini. Tungekuwa tumelivunja sisi.

Hanna anasema: "Mwambie aandike haraka, bibi yake anaitengeneza historia upesi kuliko yeye anavyoweza kuisoma."

Bibi yako,
Aikande
Kwa mkono wa Solomoni, mwinjilisti


Shuleni, 21 Oktoba 1951

Bibi, shikamoo.

Barua yako imefika leo na ninajibu kabla sijala. Mwinjilisti, hii msomee polepole.

Bibi, Bwana yule halijui sale. Kwao hawana. Kwao jani ni jani, na mgeni akikuletea jani au ua unalipokea kwa adabu, unalitia kwenye maji lisinyauke. Mke wa mwalimu wetu anafanya hivyo kila Jumapili. Hakuahidi kitu. Hajui kwamba ameahidi.

Nakuomba kwa jina la baba yangu aliyebaki vitani Burma. Mwite Sironka arudi. Mama ashuke sasa, wiki hii. Wewe ukitaka baki na masale yako, lakini mama ashuke.

Elisaria


Maji ya Chai, 14 Desemba 1951

Elisaria,

Marahaba. Tumehama. Tuko hapa Maji ya Chai karibu na soko, tumepewa chumba. Mvua ilinyesha sana, sasa imekatika.

Likizo hii usije. Njia ni mbaya na nyumba ni ndogo. Muombe mwalimu ukae huko usome vitabu, mwakani ndio mtihani.

Mama yako anakusalimu sana.

Aikande
Kwa mkono wa Solomoni


Shuleni, 20 Januari 1952

Bibi, shikamoo.

Nimebaki kama ulivyoagiza. Nimefanya kazi ya kupanga vitabu vya shule na usiku sikupata usingizi.

Barua yako ya Desemba nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Historia inatufundisha kuitazama hati na kuuliza, nani ameandika, alikuwa wapi, ameacha nini. Nimeiuliza barua yako. Bibi yangu hajanitukana hata mara moja. Bibi yangu hajagombana na Mwinjilisti. Na mama ananisalimu. Bibi, mama hajawahi kunisalimu. Mama hunitania. Tangu nimekuja shule hii hakuna barua yako ambayo haina neno lake la kunichekesha.

Yule kijana wa Moshi amerudi kutoka likizo. Anasema nyumba zilichomwa, watu walipakiwa kwenye malori mvuani.

Barua yangu ya Oktoba uliipata?

Niambie. Usiponiambia mwezi ujao nitafunga sanduku nije, na mtihani wabaki nao wenyewe.

Elisaria


Maji ya Chai, 12 Februari 1952

Elisaria,

Mwinjilisti amekaa, wino upo. Nimemwambia leo hapambi neno langu wala haongezi mstari wa Biblia. Akilia afute karatasi aendelee.

Hanna amekufa. Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini Novemba, jioni, saa ya wanawake kwenda mtoni.

Barua yako niliipata. Ilifika siku nne kabla ya malori. Mwinjilisti aliisoma polepole kama ulivyomwagiza, na alipomaliza nikamwambia aikunje. Nikasema mtoto amesoma mpaka amesahau sale ni nini. Hanna alikuwa amelala pale pale kitandani anasikia. Akasema, "Mama, pengine mtoto anasema kweli." Maneno hayo tu, kwa upole wake. Nikamwambia alale.

Walikuja asubuhi, askari na malori. Nilisimama mlangoni nikawaambia, muulizeni Bwana, amelipokea, liko mezani kwake. Askari mmoja kijana, si mtu wa huku, akaniuliza, "Nini, bibi? Nini kiko mezani?" Nikamwambia sale. Akawatazama wenzake. Hakucheka. Heri angecheka. Alinishika mkono taratibu, kama unavyomshika mtu aliyerukwa na akili, akanitoa nje.

Bwana mwenyewe alikuwepo, amesimama karibu na gari lake. Alinitambua. Akainua kofia. Wanachoma nyumba yangu, yeye ananiinulia kofia, na usoni mwake hakuna haya hata kidogo, ana huruma tu, kama mtu anayemwona kikongwe aliyewahi kumletea ua. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuvunja kitu. Hakujua alichoshika.

Mvua ilitukuta kabla ya kufika bondeni. Lori halikuwa na turubai. Nilimfunika Hanna kwa kanga zangu, kwa shuka la Mwinjilisti, kwa mwili wangu huu. Tulipofika hapa kifua chake kilikuwa kinalia kama kinu cha maji. Siku ya tatu alikuwa anaongea na baba yako, anamwambia avue viatu kabla ya kuingia. Tumemzika kwenye shamba la watu, kando ya barabara. Hakulala chini ya migomba yetu. Mwenye shamba amesema pale hatalima, Mungu amtunze.

Na Sironka alikuja mazikoni. Hakunilaumu. Alisimama na punda wake wawili, akafunga tandiko, akafungua, akafunga, akaenda zake.

Ulimcheka yule mtemi wa kitabuni. Nicheke na mimi basi. Yeye alitia alama kwenye kitu asichoweza kukisoma. Mimi nilimpa Bwana kitu asichoweza kukisoma, na mtu pekee aliyeweza kumsomea nikamfunga mdomo. Yule karani angesema maneno matatu. Pengine Bwana angecheka, pengine angelirudisha. Nchi wangeichukua vilevile, hilo najua, si mtoto. Lakini mimi ningelijua jibu lake tangu Oktoba, na Hanna angeshuka na punda jua likiwa kali, akiwa amefunikwa ngozi kavu.

Desemba nilikudanganya. Nilisema moyoni ni kwa ajili ya mtihani wako. Ilikuwa pia woga. Mwinjilisti, usiliandike hilo kwa herufi ndogo. Niliogopa.

Mwinjilisti alishauri tutie jani la sale kwenye bahasha hii. Nimemkataza. Nikikutumia sale huna ruhusa ya kukataa, wewe ni mtoto wa kwetu, unajua kulisoma. Nimeshamfunga mtu mmoja kwa sale bila yeye kutaka, na ona. Sitakufunga wewe. Hasira yako ni yako, ikae mpaka itakapochoka.

Ukitaka kuacha shule uje, njoo, kaburi nitakuonyesha. Ukitaka kubaki, baki. Sina uso wa kukuagiza.

Aikande


Maji ya Chai, 30 Juni 1952

Elisaria,

Sidai jibu. Ninakujulisha tu kwamba kaburi limepandwa maua meupe, Kandida alikuja nayo kutoka Elerai. Mimi sijambo, meno mawili yameondoka. Mwinjilisti ameoa tena, uzee huo!

Kama barua zangu zinakuumiza, mwambie mwalimu azirudishe, nitaelewa.

Aikande


Shuleni, 5 Oktoba 1952

Bibi, shikamoo.

Miezi minane sijaandika. Nimeanza barua nyingi nikazichana. Nyingine zilikuwa na matusi, na sikutaka Mwinjilisti ayasome kwa sauti.

Nilipopata habari ya mama nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia nataka kuhamia upande wa dirisha, nisome dawa. Akasema nimechelewa. Nikatoka nikakaa nyuma ya jiko nikafikiri, hata ningekaa dirishani tangu siku ya kwanza, Novemba ile ningekuwa huku huku nachora chura. Nililia siku hiyo, ya kwanza. Kabla ya hapo nilishindwa.

Nimeichukia historia, Bibi. Nilikaa darasani wanasoma habari za vita vya miaka mia, watu wanakufa kwa maelfu ndani ya sentensi moja, halafu sentensi inayofuata ni bei ya sufu. Nilikuwa nasoma hivyo hivyo zamani na nikafurahi. Sasa nikifika kwenye sentensi ya namna hiyo ninasimama. Namtafuta mmoja kati yao aliyekuwa anashika nguzo akikohoa. Hayumo. Wenzangu wananipita, wanamaliza ukurasa, mimi bado niko pale.

Insha nimeiandika. Nimeandika watu kumi na wawili chini ya migomba, nimeandika masale ya mpakani, nimeandika siku ulipokwenda Arusha. Nimeandika kwamba ule ulikuwa mkataba, ulishuhudiwa na karani, na asiyejua kusoma alikuwa Bwana. Kosa lako nimeliandika kwa jina lako, sikulipunguza. Nimeandika ulivyomrudisha Sironka na ulivyoagiza barua yangu ikunjwe. Nimeandika pia kwamba mimi, miezi michache kabla, nilimcheka mtemi darasani nikasifiwa. Mama nimemwandikia ukurasa mzima. Nimeandika alichosema kuhusu soksi.

Mwalimu alikaa nayo siku tisa. Aliponirudishia hakunitazama usoni. Alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Inagusa sana. Lakini hati iko wapi?" Nikamwambia, Mwalimu, hati ilioza ndani ya glasi, mfagiaji akaitupa. Alama hakuniwekea.

Mtihani ni mwezi ujao. Nitawaandikia wanachotaka, mikataba yao na mfalme wao, na nitafaulu, kwa sababu nimejua wanachotaka. Baada ya hapo nitaandika ninachojua mimi. Sijui atakichapa nani.

Kuhusu wewe na mimi. Umesema huna uso wa kuniagiza, basi nami nakwambia kweli kama ulivyoniambia. Sijakusamehe. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe kabisa, nataka hata kukuandikia mzaha, halafu jioni nakumbuka mama alisema "pengine mtoto anasema kweli" na wewe ukamwambia alale.

Nitakuja Desemba, shule ikifungwa tarehe kumi na mbili. Sijui nitakuwa mtu gani nikishuka kwenye basi.

Mjukuu wako,
Elisaria


Maji ya Chai, 2 Novemba 1952

Elisaria mwana wa Thomasi, mwana wa Hanna,

Marahaba. Mwinjilisti ameisoma mara mbili. Alipotaka ya tatu nikamwambia basi, imeshaingia.

Umesema hujanisamehe. Umefanya vizuri kusema. Watu wa hapa wananiambia "Bibi, yamepita" kabla sijamaliza kuketi. Wananihurumia kama mtoto aliyejikojolea. Wewe peke yako umenichukulia kama mtu mzima aliyefanya jambo. Jina langu umeliandika penye kosa langu, liache hapo hapo. Mtu akikwambia ulifute, mlete kwangu.

Na huyo mwalimu usimchukie sana. Siku tisa ni nyingi kwa karatasi ya mtoto. Kitu kimemchoma, ila hana mahali pa kukiweka.

Mtihani ufanye. Wape hicho wanachotaka, wajaze matumbo. Asubuhi ya mtihani kula, hata kama ni uji usio na kitu.

Basi la kutoka Moshi linasimama mbele ya soko. Sijui utapata la siku gani, kwa hiyo kuanzia tarehe kumi na tatu nitakuwa hapo kila siku. Usinionee huruma, ndipo ninapouzia ndizi, nipo hata usipokuja. Ukishuka ukaona huwezi kunisalimu, pita. Watu wataona na watasema, waache waseme, mimi nitakuwa nimeona miguu yako imekanyaga chini, na hiyo ndiyo hasa ninayoisubiri.

Nyumba ni ya tatu ukitoka sokoni, mlango hauna komeo. Chakula kitakuwa jikoni kimefunikwa. Mimi nitabaki sokoni mpaka jua lishuke, ili ule bila kulazimika kunitazama.

Bibi yako,
Aikande
Kwa mkono wa Solomoni